Siku Steringi Aliporudi

Wiki iliyopita umeme ulikatika mtaani kwetu, na kinyozi wa jirani akaburuta jenereta lake dogo mpaka kibarazani akaliwasha. Upepo ukausukuma moshi wa petroli moja kwa moja hadi jikoni kwangu. Nilikuwa nachambua mchele. Mikono ikasimama yenyewe, na kabla sijajua ninachowaza nilikuwa nimerudi Mbuji, kijijini kwetu, ndani ya kibanda cha tofali mbichi chenye bati jipya, nimebanwa kwenye benchi kati ya baba na mama, nikisubiri picha ianze.

Ninyi wa rika langu mliokulia vijijini miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, mtakumbuka jinsi mambo yalivyobadilika haraka. Kahawa yetu, ambayo siku zote ilikwenda kwa ushirika tu, ghafla ikaanza kugombewa na wanunuzi binafsi waliokuja na magari yao hadi milangoni. Madukani kukaonekana vitu ambavyo zamani tulivisikia tu kwa wasafiri. Kijana mmoja aitwaye Osmundi, aliyemaliza kidato cha nne akarudi nyumbani kulima, aliuza kahawa yake msimu mmoja, akaenda Songea, akarudi na jenereta, televisheni na deki ya video. Akajenga kibanda nyuma ya soko, akapanga mabenchi ya mbao za mkaratusi, na tangu hapo Jumapili zetu zikawa na misa mbili: ya asubuhi kanisani, ya mchana kwa Osmundi.

Baba yangu hakukosa hata moja. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole vilivyopasuka kwa kazi ya mibuni, mtu wa maneno machache akiwa shambani. Ndani ya kile kibanda aligeuka mtoto. Tukishakula mchana, aliondoka nyumbani wa kwanza ili awahi benchi la mbele. Mama alibaki akinivalisha gauni, na kila nilipouliza baba yuko wapi, jibu lilikuwa moja, "Baba ametangulia." Nasi tulipofika tulimkuta kweli, amenyoosha miguu yake mirefu kulinda nafasi zetu, kofia ameiweka upande huu, koti upande ule, anabishana na watu wanaotaka kukaa.

Picha iliyotushika kuliko zote ilikuwa ya Kijapani. Kijijini kwetu alikuwepo Mjapani mmoja, dada mdogo wa umbo aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu sekondari. Tulimwita Mwalimu Haruka. Yeye ndiye aliyemwambia Osmundi kwamba picha ile imetokana na kitabu cha katuni ambacho amekisoma tangu utoto, na kwamba kwao hata watu wazima husoma katuni, wakiwa safarini, wakiwa kazini, popote. Wazee walicheka sana. Katuni tulizozijua zilikuwa za gazetini, watu wenye pua kubwa na miguu myembamba. Hawa kwenye televisheni walikuwa watu kamili, wanaohema na kutoka jasho.

Steringi, yaani shujaa wa picha, alikuwa mpiga upanga mpole aliyelinda barabara ya mlimani, ili wanyang'anyi wasiwapore wakulima wanaopeleka mpunga sokoni. Alikuwa na mke, na binti wa umri wangu. Walisema Kijapani, chini yakapita maandishi ya Kiingereza, na Osmundi akasimama pembeni na ufito wa mwanzi, akitutafsiria kwa sauti kubwa. Leo najua kuwa maandishi yale yalimzidi mbio na nusu ya maneno aliyatunga. Sidhani kama mkuu wa wanyang'anyi aliwahi kusema, "Nyie watu wa mlimani leo mtanijua, hata ushirika hautawaokoa!" Lakini sisi tuliitikia kwa miguno kana kwamba anatusema sisi. Milima yao ilifanana na yetu. Wazee walitazama mashamba yale yaliyokatwa kama ngazi, wakakubaliana kwamba wale ni wakulima wa kweli, ila hawajui kuchimba ngolo, yaani mashimo yetu ya kuzuia mvua isibebe udongo.

Mwisho wa picha wanyang'anyi wakakata daraja la kamba, steringi akaanguka korongoni, chini kabisa kwenye mto wenye mawe. Halafu maandishi yakapanda na televisheni ikawa na chengachenga. Kibanda kizima kikalalamika. Mimi nikalia kwa sauti, ikabidi baba anibebe mabegani kurudi nyumbani.

"Skola," aliniambia njiani, "umeona maiti?"

"Sijaona."

"Basi hujaona maiti, unalia nini? Steringi hafi. Ngoja pati ya pili."

Mama akacheka nyuma yetu. "Unamdanganya mtoto. Bonde lile nani anatoka?"

"Tutaona," baba akasema. "Tutabishana siku hiyo."

Mvua za kwanza ziliponyesha, baba alipanda juu ya lori la mnunuzi mmoja ili asindikize kahawa yake na ya majirani hadi Mbinga mjini. Kwenye kona ya mteremko lori liliteleza, likaacha barabara, likaenda bondeni. Alirudishwa nyumbani ndani ya jeneza lililokwisha kufungwa. Watu wazima walikubaliana lisifunguliwe, na watoto tukapelekwa nyumba ya pili tupewe uji.

Siku ya maziko nilisimama mbele, nimeshika sketi ya mama. Padri alisema maneno mengi ambayo yalinipita, kisha akasema moja nililolijua vizuri. "Ndugu yetu ametutangulia." Watu wakainamisha vichwa. Nami, katikati ya kilio kile, nikanyamaza. Nikawatazama watu wazima kwa mshangao. Kama ni kutangulia tu, wanalia nini? Tena sikuwa nimeona maiti. Jioni ile nilikula ugali wangu wote, na shangazi mmoja akasema, "Mtoto bado mdogo, hajui." Nikaona yeye ndiye asiyejua.

Mama alikuwa Mnyasa wa Liuli. Alizaliwa ziwani, akakulia karibu na misheni, akapanda huku juu kwenye baridi kwa sababu ya baba, aliyekwenda kule kununua samaki akarudi na mchumba. Watu walisema kwamba zamani alikuwa mcheshi, sauti yake ikisikika hadi kisimani. Baada ya msiba alivaa nyeusi akanyamaza. Hakugomba, hakuimba, hakuniuliza shuleni tumefundishwa nini. Alipika, alifua, alikaa mlangoni akitazama upande ambao ukishuka sana unalikuta ziwa. Mibuni ya baba ikaanza kuota machipukizi ovyo, na hakuna aliyeigusa.

Kaka yake baba, Baba Mkubwa Gaspari, alikuja kila siku kutusalimia. Alikuwa mfupi na mnene, hafanani na baba hata kidogo, isipokuwa kicheko, na kicheko hicho nacho kilikuwa kimekwisha. Nilimsikia siku moja akimwambia mama, kwa upole, akiwa ameangalia chini:

"Shemeji, matanga yakiisha tutakupeleka Liuli kwa wazazi wako. Huku utahangaika na nini? Kahawa ni kazi ya mwanamume. Shamba nitaliangalia mimi, na mtoto atakula kwangu."

Mama alijibu, "Sawa, shemeji." Neno lile lile alilokuwa akimjibu kila mtu kwa kila kitu.

Sikuelewa kwamba nimesikia jambo kubwa. Niliona wanahangaika bure, maana baba akifika atapanga mwenyewe.

Halafu, siku moja nikitoka shule, nikapita nyuma ya soko na kukuta Osmundi ameegemeza ubao mpya mlangoni kwake. Nilikuwa nimejua kusoma mwaka ule, na nilisoma kila kilichoandikwa popote, hadi magunia. Kwa chaki, herufi kubwa, ubao ulisema: YULE MJAPANI. PATI YA PILI. AMERUDI! JUMAPILI.

Nilikimbia njia nzima. Mama alikuwa jikoni amechutama mbele ya chungu cha maharage.

"Mama! Amerudi!"

Upawa ulimtoka mkononi. Aligeuka, na uso wake sijausahau.

"Imeandikwa kwa Osmundi," nikaendelea huku nahema. "Amerudi. Jumapili hii. Twende mapema, mama. Lakini hata tukichelewa si kitu, baba ametangulia. Atakuwa ameshika nafasi."

Maharage yakachemka yakamwagikia moto, moshi ukajaa jikoni, naye mama hakunyanyuka.

"Skola," alisema mwishowe, "unadhani baba yako yuko wapi?"

"Si ametangulia? Padri alisema."

Akafunga macho. Nikadhani amechoka. Alipoyafungua alisema kitu ambacho sikukitegemea, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kubembeleza siku zote zilizobaki. Alisema, "Basi Jumapili tutakwenda."

Mjane aliyevaa nyeusi hakutakiwa kuonekana sokoni, sembuse kwenye video. Jumapili ile tulipopita kati ya watu, mazungumzo yalikatika mbele yetu na kuanza tena nyuma yetu. Mama alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikauma. Osmundi alipomwona mlangoni alivua kofia, akasema, "Shikamoo mama, karibu," akasahau kabisa kudai kiingilio.

Nikamwachia mama mkono nikakimbilia benchi la mbele. Pale pa baba alikuwa amekaa mtu mwingine, fundi baiskeli wa sokoni.

"Shikamoo. Hapo ni pa baba," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama mama aliyekuwa anakuja nyuma yangu, akainuka na kwenda kusimama ukutani. Tukakaa, mama na mimi, na kati yetu pakabaki pengo la mtu mmoja. Kibanda kilijaa watu mpaka madirishani, na hakuna aliyethubutu kukaa kwenye pengo lile. Mimi nikageuka kuangalia mlango. Nilidhani labda ametoka kidogo, amekwenda kununua karanga.

Jenereta likaunguruma, moshi ukaingia, picha ikaanza. Mke wa yule mpiga upanga alionekana kwanza, amekaa mlangoni kwake, kimya, na binti yake pembeni. Wanawake waliosimama nyuma wakasema, "Maskini." Wanyang'anyi wakaja barabarani, wakapora, wakachoma ghala. Watu wakaguna, Osmundi akapandisha sauti. Mkuu wa wanyang'anyi akamwinulia mzee mmoja upanga. Hapo hapo kutoka mtoni mkono ukatokea, ukashika jiwe. Maji yakamwagika kutoka kwenye nywele ndefu. Alikuwa yeye.

"Amerudi!" Osmundi akapiga kelele. "Amerudi, jamani!"

Sijawahi kusikia kelele kama zile, hata siku ya Pasaka. Mabenchi yalianguka. Watu walikumbatiana. "Si nilisema? Si nilisema mimi?" "Steringi hafi!" Baba Mkubwa Gaspari, ambaye sikujua kuwa yumo, alikuwa amesimama katikati, mikono juu, anapiga makofi na machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Mimi pia nilisimama juu ya benchi. Lakini sikuitazama televisheni. Nilitazama mlango.

Ndipo mama aliposimama.

"Uongo!" alisema.

Hakusema kwa nguvu sana mara ya kwanza. Mara ya pili kila mtu alisikia.

"Uongo! Mtu ameanguka bonde lile, kwenye mawe yale, anatokaje? Anatokaje akiwa na nguo zake na upanga wake? Nani aliyeanguka bondeni akarudi? Mnawadanganya watoto!"

Kelele zikakatika moja baada ya nyingine. Osmundi, kwa kuchanganyikiwa, akabonyeza deki, na steringi akaganda kwenye televisheni na maji yake yakining'inia hewani. Nadhani kila mtu mle ndani alikumbuka kwa pamoja lile lori.

Katika ukimya ule sauti nyembamba ikatoka nyuma kabisa.

"Mama anasema kweli," alisema Mwalimu Haruka. Alikuwa amesimama, uso umemwiva kwa hasira. "Kitabuni si hivi! Kabisa si hivi! Picha ya kwanza ilifuata vizuri, nikafurahi. Hii ya pili wameharibu. Kitabuni amekufa."

Sijui niwaelezeje fujo iliyofuata. Mzee mmoja alisema kitabu ni kitabu na picha ni picha, na yeye amekuja kuona picha. Mwingine akamuuliza kwa ukali, wewe ungependa mtu abadilishe habari aliyoisimulia babu yako? Fundi baiskeli alitaka kujua kama waliotengeneza picha waliomba ruhusa kwa mwenye kitabu. Osmundi aliapa kwamba yeye hakubadilisha kitu, kanda ameikuta hivyo hivyo Songea.

"Kwa nini wambadilishe?" mtu akauliza.

"Kwa sababu watu walimpenda," Mwalimu Haruka akajibu. "Walilia sana, wakataka arudi. Basi wamemrudisha."

"Vizuri walivyofanya!" Baba Mkubwa alifoka, bado anajipangusa machozi. "Wamefanya vizuri sana!"

"Sasa huko kitabuni," mwanamke mmoja wa mlangoni akauliza, "akishakufa, barabara inalindwa na nani?"

"Mke wake."

Kibanda kikacheka, wanaume hasa. "Mwanamke na upanga?"

"Upanga mrefu," mwalimu akasema, naye sasa ameanza kusahau hasira, mikono inaonyesha. "Mrefu kuliko yeye. Anajaribu, anaanguka. Watu wanamcheka, kama nyinyi sasa. Anakwenda kwa mfua chuma, anasema, nipunguzie. Mfua chuma anakataa, kwa sababu ni upanga wa mume wake. Yeye anasema, mume wangu hawezi kuushika tena. Mimi ndiye nitaushika. Upunguze ufike kwangu."

Hakuna aliyecheka. Osmundi aliuweka ufito wake chini. Wanawake walikuwa wamesogea kutoka mlangoni hadi katikati ya mabenchi, na mmoja akasema, "Haya, ikawaje?"

Mama hakusubiri kusikia ikawaje. Alinishusha kutoka juu ya benchi, akanibeba, mtoto mkubwa vile, akapita katikati ya watu hadi nje. Nyuma ya kibanda palikuwa na mti wa mparachichi na magogo ya kukalia. Akaniketisha, akachuchumaa mbele yangu ili macho yetu yalingane.

"Skola, nisikilize. Baba yako amekufa."

"Ametangulia."

"Ametangulia ni namna ya kusema. Watu wakiogopa kusema amekufa, wanasema ametangulia. Hakutangulia popote ambapo tutamkuta leo. Hatashika nafasi. Jeneza lilikuwa na baba yako ndani. Mimi nilimwona."

"Ulimwona?"

"Nilimwona hospitali, Mbinga, kabla hawajalifunga. Nilimwosha."

Nilipiga kelele. Nilimpiga mama kifuani kwa ngumi zote mbili, nikamwambia yeye ndiye muongo, yeye na yule mwalimu. Hakunizuia. Alingoja mpaka ngumi zikaishiwa nguvu, kisha akanivuta, nikalia kwenye kile kitambaa cheusi kilio ambacho nilipaswa kukilia makaburini. Naye akalia. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akilia kwa sauti. Tulilia mpaka pua zikaziba, na ndani ya kile kilio, sijui nisemeje, kulikuwa na nafuu. Kwa mara ya kwanza tangu lori lile tulikuwa tunajua kitu kimoja, yeye na mimi.

Baba Mkubwa alitoka nje akitutafuta. Alisimama kidogo mbali.

"Umetuaibisha, shemeji," akasema, lakini sauti haikuwa na ukali wowote.

"Nisamehe, shemeji."

"Mimi nilijua ni picha. Sikuwa mjinga. Nilitaka arudi tu." Alikaa juu ya gogo kwa uzito. "Japo kwenye televisheni. Nilitaka nimwone mtu mmoja anarudi."

Mama akasogea, akampa ncha ya kanga yake ajifute.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa uani kwetu. Wazee kwenye viti, wanawake kwenye majamvi, sisi watoto mlangoni. Baba Mkubwa alieleza mpango kama ulivyokuwa: shemeji atashuka Liuli, mtoto atabaki, shamba litaangaliwa. Mzee wa ukoo akamgeukia mama, kwa heshima, kama mtu anayemaliza jambo lililokwisha kumalizika. "Mama Skola, unasemaje?"

Nilingoja lile "sawa" lake.

"Liuli ni nyumbani, nako nitakwenda kuwasalimia wazazi wangu," mama akasema. "Lakini sihami. Ile mibuni ya chini niliipanda na marehemu, nikiwa na mimba ya huyu. Mtoto wangu atakula kwangu. Shamba nitalishika mimi."

Mzee akamuuliza, "Utapogoa wewe? Unajua kupogoa?"

"Sijui."

"Sasa?"

Mama akamgeukia Baba Mkubwa. "Shemeji atanifundisha. Marehemu alisema mwenyewe kwamba ni wewe uliyemfundisha yeye."

Sijui kama baba aliwahi kusema hivyo. Sikuwahi kumuuliza mama, na sasa siwezi. Ninachojua ni kwamba Baba Mkubwa aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka mzee akakohoa.

"Nilimfundisha, kweli," akasema. "Alikuwa mbishi. Alikata matawi kama anayekata nywele." Na pale uani, mbele ya ukoo mzima, akacheka kile kicheko cha baba. "Haya. Jumatatu asubuhi, shemeji, uwe na mkasi."

Alimfundisha msimu wote ule. Niliwafuata shambani, nikiokota matawi yaliyoanguka. Mama alikata kwa woga mwanzoni, akilihurumia kila tawi, na Baba Mkubwa alisimama nyuma yake akipiga kelele, "Kata! Usiliombee, kata!" Walibishana juu ya kila mti. Wakati mwingine walibishana juu ya ile picha, maana Baba Mkubwa alikuwa amerudi kwa Osmundi akaitazama yote hadi mwisho, na alidai kwamba mtu akiangukia penye maji mengi anaweza kupona kabisa. Mama akamwambia yeye amekulia kwenye maji mengi, asimfundishe habari za maji. Nilikuwa nasikia sauti yake inapaa juu ya mibuni, ile sauti ya kisimani ambayo watu walinisimulia.

Wanawake nao hawakumwachia Mwalimu Haruka habari ikatike njiani. Walimfuata sokoni, walimfuata hadi getini kwa shule. Mwisho mama akamwambia aje kwetu Jumapili mchana, na mwalimu akaja na kitabu chenyewe, kidogo, kinene, karatasi zimepauka. Alikifungua kwa nyuma na kukisoma kuja mbele, tukadhani amekosea, naye akatuambia kwao ndivyo wanavyosoma. Akakiweka magotini, akaonyesha picha kwa kidole huku akitafsiri polepole, na sisi tukabanana mgongoni kwake hadi akashindwa kugeuka.

Kila Jumapili wakaongezeka. Waliokuja na watoto, waliokuja na mahindi ya kupukuchua, waliokuja kutoka ng'ambo ya mto. Walilaani wanyang'anyi, walimshauri yule mwanamke apite njia ipi, walimwambia binti yake avae vizuri, kuna baridi. Mama alimpinga mwalimu waziwazi kila tafsiri ilipomtia shaka. "Mbona mdomo wake umefumba? Mtu aliyefumba mdomo hawezi kusema maneno yote hayo." Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Baba Mkubwa alikuwa akipita eti kuomba moto, akasimama na kijinga chake mkononi mpaka kikazimika.

Kitabu kile kilipofika ukurasa wa mwisho, yule mwanamke alikuwa amesimama peke yake njia panda ya mlimani, theluji inaanguka, upanga wake mfupi kiunoni, binti yake amemshika nguo. Mwalimu akakifunga.

"Ameshinda?" mama akauliza.

"Bado, mama. Hapa habari haijaisha. Vitabu vingine viko nyumbani kwa mama yangu, Japani."

Watu wakalalamika kama walivyolalamika siku ile ya daraja. Mama aliwanyamazisha kwa mkono. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, viganja vimeanza kupasuka kwa kazi ya mibuni, amevaa kanga ya njano aliyoletewa kutoka Liuli.

"Waandikie walete," akasema. "Sisi tupo."